Chumvi Haishiki Rangi, Inaificha

Kwenye baraza ya fundi mmoja wa Mandewa, mwendo mfupi kutoka hospitali ya rufaa ya mkoa wa Singida, huning'inia bidhaa isiyokosa mnunuzi: mablanketi ya watoto wachanga yaliyoungwa kwa vipande vya kanga na vitenge. Vipande ni masalio ya magauni ya wateja. Chini huweka shuka jeupe, katikati blanketi jepesi lililochakaa, juu vipande, kisha anapitisha mishono mpaka vyote vitatu viwe kitu kimoja. Mama mwenye tumbo la miezi minane hupita, hulipapasa, huuliza bei, huenda zake, na kesho yake hurudi.

Siku moja nilimkuta fundi amenuna. Alikuwa amerudishiwa blanketi. Lilipouzwa lilikuwa jekundu na jeupe. Liliporudi lilikuwa jekundu na waridi, na waridi yenyewe ya mabakamabaka kama ngozi iliyoungua. Mteja alikuwa amelifua mara moja tu. Jirani aliyekuwa amekaa mkekani akichambua mlenda hakuinua hata uso.

"Mdogo wangu, kile chekundu ulikiloweka kwenye chumvi?"

"Nilikiloweka, dada. Usiku kucha."

"Basi chumvi yako ilikuwa kidogo."

Ugomvi wangu uko kwenye jibu hilo la mwisho. Dawa ikiponya, sifa ni ya dawa. Isipoponya, kosa ni la mgonjwa aliyekunywa kidogo. Nimeusikia ushauri huo Singida, nimeusikia Dodoma, nimeusikia kwa wauza kanga wa Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam: kanga mpya iloweke kwenye maji ya chumvi kabla ya kuifua, isichuje. Wengine huongeza siki, wengine ndimu. Ni miongoni mwa yale mambo ambayo mtu hakumbuki alifundishwa lini. Na kwa nguo za pamba za leo, si kweli.

Kama chumvi ingekuwa na uwezo wa kufunga rangi, sisi wa Singida tungekuwa na utajiri usio na kifani. Mji umepakana na maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Tungebeba doti zetu mpaka ukingoni, tuzichovye, turudi nazo zikiwa salama kwa miaka 50. Mtoto naye, kwa mkojo wake tu, angetosha kulihifadhi blanketi lake bila msaada wa fundi.

Lakini kuicheka imani hakutoshi. Wanaoiamini si wajinga. Wameona kitu kwa macho yao, na walichokiona ni cha kweli. Chukua vipande viwili vilivyokatwa kwenye kanga moja mpya nyekundu inayotoa rangi. Kimoja kitie kwenye beseni la maji matupu, kingine kwenye beseni la maji yenye chumvi ya kutosha. Viache saa moja. Mara nyingi beseni la maji matupu litakuwa limeiva wekundu, na lile la chumvi litakuwa jepesi zaidi. Mwenye macho atasema: chumvi imeshika rangi. Hata mimi ningesema hivyo kama jaribio lingeishia hapo.

Sasa toa kile kipande cha chumvi, kisuuze, kitie kwenye maji mapya ya moto yenye sabuni ya unga. Rangi iliyokuwa haitoki itaanza kutoka. Haikuwa imefungwa. Ilikuwa imezuiwa mlangoni.

Kisa chake ni hiki. Uzi wa pamba ukiwa majini hubeba chaji hasi kidogo, na chembe za rangi nyingi za pamba nazo zina chaji hasi. Vyenye chaji sawa husukumana, kwa hiyo rangi isiyoshikamana na uzi hupata sababu ya kuuacha na kuelea majini. Chumvi ikiyeyuka hujaa katikati yao na kuupoza ule msukumano. Rangi hukaa karibu na uzi, si kwa kuwa imeolewa nao, bali kwa kuwa hakuna kinachoifukuza. Ondoa chumvi kwa maji safi, na ugomvi wao unaanza upya.

Kwa hiyo anayeloweka kanga kwenye chumvi kabla ya kuikata anafanya kinyume kabisa cha anachotaka. Rangi ya ziada, ambayo ingetoka leo ndani ya beseni ambalo halina kitu kingine cha kuharibu, anaiambia isubiri. Inasubiri kwa adabu. Inakatwa, inaungwa na kipande cheupe, inashonewa, inauzwa. Siku mteja anapolifua blanketi kwa maji ya moto na sabuni ndiyo siku chumvi imeshakwisha, na rangi inatoka ikiwa na jirani mweupe wa kuipokea.

Viwanda vya nguo vinalijua hili. Katika upakaji rangi wa pamba, chumvi huwekwa kweli, tena kwa kilo nyingi, ili kuisukuma rangi iingie kwenye uzi. Lakini kazi ikishakamilika, suuzo za kwanza zina shabaha ya kuiondoa chumvi hiyo, kwa sababu ikibaki, rangi ya ziada haitoki. Baada ya hapo kitambaa hupitishwa kwenye maji yanayokaribia kuchemka yenye sabuni, mara kadhaa. Kiwanda kinaitoa chumvi kwa gharama ya maji na mvuke, nasi tunainunua dukani na kuirudisha.

Nadhani hapa ndipo imani ilipozaliwa. Mtu aliyewahi kuona kitambaa kikipakwa rangi aliona chumvi ikimwagwa kwenye sufuria, akahitimisha kwamba chumvi ndiyo inayoshika. Kinachoshika ni kitu kingine, na hutegemea aina ya rangi. Mwaka 1954, wakemia wawili wa kampuni ya ICI ya Uingereza, Rattee na Stephen, waligundua namna ya kuifanya chembe ya rangi iungane moja kwa moja na uzi wa pamba, ikawa sehemu ya uzi wenyewe. Rangi hizo ziliingia sokoni mwaka 1956 kwa jina la Procion, na ukoo wake ndio uliotapakaa leo kwenye nguo za pamba duniani. Ili muungano utokee kunahitajika alkali, yaani magadi soda au jamaa yake. Ukitaka kuwa na imani ya jikoni iliyo karibu na ukweli, basi amini magadi. Hata hayo hayatakusaidia baada ya kanga kutoka kiwandani, kwa sababu rangi iliyobaki humo bila kuungana imeshaungana na maji. Nafasi yake imekwisha. Haiwezi tena kufungwa kwa magadi, kwa chumvi, wala kwa dua. Kilichobaki ni kuitoa.

Batiki ni ukoo mwingine. Waliofundishwa batiki kwenye mafunzo ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanakumbuka kostiki soda na haidrosulfaiti, na jinsi kitambaa kinavyotoka kwenye beseni kikiwa na rangi moja na kugeuka kuwa nyingine kikikutana na hewa. Rangi hizo huyeyushwa kwa muda ili ziingie, kisha hewa huzirudisha katika hali isiyoyeyuka ndani ya uzi. Nili ya kaniki ilifanya kazi kwa njia hiyohiyo. Kaniki ilimpaka mvaaji buluu shingoni na mikononi kwa kusuguana, si kwa kuyeyuka, na chumvi haizuii msuguano.

Siki ina hadithi yake, na ni chafu kidogo. Siki na ndimu ni tindikali, na tindikali husaidia rangi za sufi na hariri, ambazo ni nyuzi za wanyama. Pamba ni mmea. Ushauri uliofaa kwa sweta la Ulaya ulihama ukaja kukaa kwenye doti la kanga bila kuulizwa kitambulisho. Tena kwa rangi nyingine za pamba siki inaweza hata kudhuru. Katika miaka ya 1880 mkemia wa Kijerumani, Paul Böttiger, alitengeneza rangi nyekundu ya kwanza iliyoweza kuingia kwenye pamba bila dawa ya kuishikisha. Kampuni ya AGFA ya Berlin iliinunua na kuipa jina la Kongo, kwa kuwa wakati huo Berlin nzima ilikuwa ikiongea habari za Kongo: wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekutana pale mjini kupanga namna ya kuigawana Afrika. Nyekundu ya Kongo ilikuwa rahisi, ikauzika sana, na ilitoa rangi vibaya mno. Tena ikiguswa na tindikali hugeuka buluu. Siki, ambayo jirani yako anakuhakikishia kuwa huhifadhi wekundu, ingeweza kuuharibu wekundu huo mbele ya macho yako.

Kulikuwapo wekundu mwingine uliosifika dunia nzima kwa kutochuja, ule ulioitwa nyekundu ya Kituruki. Ulitengenezwa kwa mizizi ya mmea, mafuta na shabu, kwa kazi iliyochukua majuma. Washona mablanketi ya vipande wa Marekani wa karne ya 19 walikuwa tayari kulipa zaidi kwa ajili yake, maana walijua hautaingia kwenye kipande cheupe cha jirani. Shabu ilifanya kazi kwa sababu ilitangulia: iliingia kwenye uzi kabla, ndipo rangi ikaishika. Ukiinyunyiza shabu kwenye kitenge kilichokwisha kuchapwa, umepoteza shabu.

Nasikia swali: mbona bibi zetu walitumia chumvi na kanga zao hazikuchuja? Nina majibu mawili. La kwanza, bibi hakufanya chumvi tu. Aliifua kanga mpya peke yake, akaisuuza, akaianika kivulini, na akarudia hivyo mara tatu au nne kabla ya kuichanganya na nguo nyingine. Kilichosaidia ni kule kuifua peke yake na kuisuuza mara nyingi. Chumvi ilikuwa abiria kwenye gari hilo, na abiria ndiye aliyepewa sifa za dereva.

La pili linahusu mablanketi yenyewe. Mtindo wa kuunga vipande si mgeni kwetu. Kanga, kwa masimulizi yanayorudiwa pwani nzima, ilianza kwa kuunga: wanawake wa karne ya 19 walinunua leso kabla hazijakatwa, wakazikata tatu tatu na kuzishona pamoja kupata nguo moja. Na ng'ambo ya bahari, Wasidi wa Karnataka nchini India, ambao mababu zao walitoka Afrika, hushona mablanketi yaitwayo kawandi kwa vipande vya sari na nguo nyingine, wakianzia pembeni na kuzunguka kuelekea katikati. Angalia wanachoshona: nguo kuukuu. Bibi wa Kinyaturu wa huku kwetu aliyeunga viraka kumfunika mjukuu naye alitumia nguo kuukuu. Nguo iliyofuliwa mara mia haitoi rangi kwa sababu rangi iliyotaka kutoka ilishatoka zamani. Fundi wa Mandewa anaunga masalio ya vitenge vipya, vipande ambavyo havijawahi kuonja maji, vingine bado vikavu kwa wanga wa dukani. Umri wa kitambaa umebadilika, na kinga iliyokuwa ikiletwa na umri tumeipa chumvi.

Kuna kauli nyingine inayokwenda sambamba na hii ya chumvi: kwamba kanga inayotoa rangi ni feki. Nayo siikubali, ingawa inanigusa mfuko kama inavyokugusa wewe. Hata rangi nzuri zilizo ghali, zile za ukoo wa Procion, haziungani zote na uzi. Kwa kawaida kati ya asilimia 60 na 90 hushika na zinazobaki huwa za kuoshwa. Kitambaa cha rangi bora kilichosuuzwa haraka kitatoa rangi beseni zima. Kitambaa hafifu kilichochapwa kwa rangi iliyobandikwa juu ya uzi kwa gundi hakitatoa hata tone, na baada ya miezi sita kitakuwa kimechubuka kwenye mikunjo kama ukuta wa chokaa. Ukipima ubora kwa maji ya siku ya kwanza, utakitupa cha kwanza na kukikumbatia cha pili. Na vitenge vingi sasa si pamba bali poliesta, ambayo rangi zake haziyeyuki kwa maji ya kawaida. Choma uzi mmoja: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Sasa blanketi. Nguo inayotoa rangi unaweza kuifua peke yake maisha yake yote, na hakuna atakayejua. Blanketi la vipande halina "peke yake". Nyekundu na nyeupe zimeshonwa pamoja, zitalowa pamoja, na mbaya zaidi, zitakauka pamoja taratibu, kwa kuwa lina matabaka matatu. Maji yaliyobaki katikati huendelea kusafiri na kubeba rangi saa nzima baada ya kuanikwa. Ndiyo maana ushauri wa kufua kwa maji baridi daima, ambao kwa gauni una akili, kwa fundi hautoshi. Maji baridi hupunguza utokaji, hayaimalizi rangi. Fundi hawezi kwenda nyumbani kwa kila mteja kuangalia kama anatumia maji baridi. Na mama wa mtoto mchanga ana haki ya kutumia maji ya moto.

Basi rangi itolewe kabla ya mkasi. Maji yawe ya moto kiasi ambacho mkono hauwezi kukaa ndani, sabuni iwe ya unga, na beseni liwe na nafasi, kitambaa kisishindiliwe. Sabuni ya mche kwenye maji yetu ya visima, hasa yale yenye ladha ya chumvichumvi, mara nyingi hugeuka utando mweupe badala ya povu, na utando hausaidii kitu. Sabuni ya unga huizunguka rangi iliyotoka na kuiweka ikielea isirudi kwenye uzi. Acha nusu saa, mwaga, tia mengine. Maji yakitulia, kandamiza kitambaa kibichi kwa pasi ya moto juu ya kitambaa cheupe. Cheupe kikibaki cheupe, kata.

"Maji yote hayo, Singida?" Hilo ndilo pingamizi la maana, na ndilo fundi alilonitolea. Mwezi wa Septemba dumu la lita 20 linahesabiwa. Siwezi kumwambia mtu apitishe kila kipande kwenye beseni sita. Ila si kila kipande kina hatia. Wekundu, weusi na buluu iliyokolea ndio washukiwa wa kawaida. Njano na rangi nyepesi ni nadra kuleta fujo. Na kumjua mshukiwa huhitaji glasi moja: kata ukanda wa upana wa kidole, utie kwenye maji ya moto yenye sabuni kidogo, kaendelee na kazi, rudi baada ya nusu saa. Glasi nyeupe, kipande kiende mezani. Glasi ya rangi, kipande kiende beseni. Chumvi nayo si ya bure, na usiku mzima wa kuloweka ni usiku mzima.

Kwa blanketi lililokwisha kuharibika, fundi alikuwa ameshafanya kila kosa linalowezekana kwa nia njema. Mteja alilianika juani likakauka na madoa. Yeye akalipiga chumvi, kisha akafikiria Jiki. Jiki ingeondoa waridi, ni kweli, na ingeondoa wekundu pia, na kula uzi. Doa la rangi iliyohama ni rangi ileile isiyo na makao. Haijafungwa huko ilikohamia kama ambavyo haikufungwa ilikotoka. Bora ungelikuta likiwa bado bichi. Hata likiwa limekauka, ukilizamisha lote kwenye maji mengi ya moto yenye sabuni ya unga, lisielee pembe wala kujikunja, na kuliacha usiku kucha, sehemu kubwa hurudi majini. Maji yakiwa ya rangi asubuhi, mwaga urudie. Hicho ndicho tulichofanya, kwa pipa la nusu na maji yaliyochemshwa kwenye jiko la mkaa, siku tatu mfululizo. Jirani alikuja kila asubuhi kuangalia na hakusema lolote kuhusu chumvi, ila siku ya pili aliuliza kama tuna uhakika tumezima jiko.

Nyeupe ilirudi kuwa nyeupe, isipokuwa kwenye mshono mmoja ambako waridi imebaki kama wino wa kalamu iliyovuja. Mteja alilipokea. Kuanzia wiki ile kwenye baraza ile kuna glasi tano za chai zilizopangwa ukingoni, kila moja na ukanda wake ndani, na wateja wapya hudhani ni dawa. Nyekundu nyingi hutulia kwenye maji ya tatu. Kuna kitenge kimoja cheusi kilichoendelea kumwaga rangi hata maji ya saba. Hicho fundi alikikunja, akakifunga kwenye fimbo, na sasa ndicho anachodekia baraza.